Kurudisha Mkono

Kadi haitolewi kwa hasira. Nilifundishwa hivyo mapema, na kwa mtu wa hasira kama mimi lilikuwa somo gumu. Unapuliza filimbi kwa nguvu mpaka uwanja mzima ujue kuna jambo. Humkimbilii mchezaji. Unasimama ulipo na kumwita aje, mbali na wenzake, asipate wa kumtia maneno mdomoni. Unaandika namba yake, unamwambia kosa lake kwa ufupi, ndipo unainua mkono. Usimpungie kadi usoni kama unafukuza nzi. Mkono unanyooka juu kabisa, ili hata mama anayechoma mahindi nyuma ya goli aone ni rangi gani.

Mimi niliongeza langu moja. Kabla ya kuinua, nilinyamaza. Nilimtazama mchezaji machoni mpaka yeye mwenyewe aangalie chini, kisha mkono ukapanda polepole. Niliona kwamba refa mwanamke akipiga kelele anachekwa, lakini akinyamaza, hata kichwa maji anaanza kujiuliza maswali. Mtindo huo niliuonea fahari. Niliamini nimeubuni mwenyewe.

Siku za kazi huuza mbegu za mahindi na dawa za ng'ombe katika duka langu hapa Kitale. Wikendi alasiri huwa na filimbi shingoni, popote nitakapoitwa. Nilizaliwa Bumula, nikaolewa huku juu, nikabaki. Wachezaji huniita madam, na wakidhani siwasikii huniita mengine.

Mambo yalianzia kaskazini ya Kitale, katika mji mdogo wa Kwanza, kwenye uwanja ulio karibu na soko. Kiungo mmoja, kijana mwenye miguu mizuri na mdomo mbaya, alimtemea mate mpinzani wake. Kutema mate hakuna mjadala, ni nyekundu moja kwa moja. Nilinyamaza, nikamtazama, nikainua. Alitoka akicheka, akanipungia mkono kama anayeaga wageni. Kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa, pikipiki yake iligongana na trekta, akafa papo hapo. Nilihuzunika kama mtu yeyote. Pikipiki zimetumalizia vijana, si habari mpya.

Baadaye ilikuwa Cheptais, kule kwenye mteremko wa Mlima Elgon. Kipa alitoka nje ya boksi lake na kuudaka mpira uliokuwa unaelekea golini, nyuma yake hakuna mtu. Hiyo nayo ni nyekundu. Aliondoka, glavu zikining'inia mkononi. Haukupita muda nikasikia amelazwa, tumbo linamsumbua. Kisha nikasikia amezikwa.

Hakuna aliyeniambia kitu. Nilianza tu kuona vitu vidogo. Nahodha mmoja, tukiwa tunarusha sarafu, aliniuliza kwa adabu sana, "Madam, leo umekuja na ile nyekundu?"

"Refa gani huja bila kadi?" nikamjibu.

"Ni sawa, madam. Si nilikuwa nauliza tu."

Akarudi kwa wenzake, nikawaona wakiambizana kwa macho. Katika mechi hiyo hiyo nilimwita beki nimwonye kwa kadi ya manjano. Nilipoanza kuinua mkono alivuta jezi na kujifunika uso. Wenzake wote waligeuka, wakatazama upande mwingine, kila mmoja kama aliyekumbuka jambo nyumbani. Nilidhani ni dharau, damu ikanichemka. Nilikuwa karibu kumwonya na nahodha kwa kuruhusu mchezo wa kitoto.

Nikarudi Cheptais. Siku ile ukungu uliteremka mlimani mapema, ukakaa uwanjani kufikia magoti. Mpira ulipigwa katikati, ukabingirika kati ya wachezaji wawili, na hakuna aliyeufuata. Walisimama wakitazamana. Mmoja akarudi nyuma hatua moja kumpisha mwenzake, na mwenzake naye akarudi. Ikawa hivyo mpaka mwisho. Hakuna aliyeweka mguu, hakuna aliyeruka kichwa pamoja na mtu mwingine, hakuna aliyenilalamikia hata kwa kona niliyokosea, na mimi nilijua nimeikosea. Watazamaji walikuwepo kwenye kamba, niliona vichwa vyao juu ya ukungu, lakini sikusikia sauti. Nimechezesha mechi za ngumi na mawe. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika mechi ile ambayo haikuwa na faulo hata moja.

Tulipokuwa tunabadilisha viatu nilimbana mshika kibendera wangu, mwalimu wa Kitale ambaye tumefanya kazi pamoja miaka mingi.

"Niambie kinachoendelea. Na usinizungushe."

Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akafunga tena. "Madam, watu wanasema mkono wako ni mzito. Ati ukimwinulia mtu nyekundu, harudi tena. Ati yule wa pikipiki, na huyu kipa wa hapa."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi ni mtu wa kanisa, madam," akasema, lakini hakuniangalia.

Nilicheka njia nzima kurudi Kitale, kicheko cha kujilazimisha. Kisha nikakasirika. Watu wazima, wenye simu mfukoni na Biblia nyumbani, wanaogopa kipande cha plastiki! Nikaapa kuchezesha kama kawaida. Anayestahili onyo ataonywa, anayestahili kutoka atatoka, na sitampunguzia mtu adhabu kwa sababu ya porojo. Nikianza kuogopa kadi zangu mwenyewe, nilijiambia, afadhali nibaki dukani nikipima dawa ya kupe.

Nikaitwa Bumula, kwetu, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kulikuwa na beki wa kushoto, mrefu, mwenye sura ambayo ilinisumbua kwa sababu niliona kama naijua. Kipindi cha kwanza alimvuta winga jezi mpaka ikapasuka, nikampa ya manjano. Alijifunika uso kama wengine. Kipindi cha pili winga yule yule alimpita kasi, naye akamkwatua kutoka nyuma, shambulizi likafia hapo. Onyo la pili. Manjano, halafu nyekundu, njia haina kona.

Nilimwita. Alipofika mbele yangu alipiga magoti.

"Madam, usiinue," akasema. "Niambie tu nitoke. Nitatoka mwenyewe, sitabisha."

Nilisikia kengele ya mbuzi nje ya ua wa shule. Kusema kweli nilimhurumia. Lakini sheria haijui mchezaji wa kutoka kwa maombi. Kama nisingeinua, timu nyingine ingeuliza, mshika kibendera angejua, na mimi ningejua. Nilimwambia asimame. Nikanyamaza, nikamtazama, nikainua. Wote walikuwa wamefunika nyuso au wamegeuka. Yeye alisahau kujifunika. Aliuangalia mkono wangu ukipanda, akaufuata kwa macho mpaka juu, mdomo wazi.

Ilikuwa siku ya soko Kitale nilipomkuta mama yake nje ya duka kabla sijafungua. Alikuwa amejifunga leso mbili na miguu yake ilikuwa na matope ya mbali. Nilimkaribisha, nikamwuliza anahitaji mbegu gani. Akakaa juu ya magunia ya mbolea.

"Sikuja kununua. Wewe ndiye ule madam wa filimbi?"

"Ni mimi."

"Mimi ni mama wa ule beki wa Bumula. Mtoto wangu hakuri, mama. Anarara tu akiangalia ukuta. Tumempereka hosipitali, wamempima damu, wamempima kila kitu, ati hana kitu. Ati arudi nyumbani apumzike. Sasa anapumzika tu, hata maji hamezi."

Nikamweleza, taratibu, kama ninavyowaelezea wateja kipimo cha dawa. Kadi ni adhabu ya mchezo. Kijana anakosa mechi, anarudi, maisha yanaendelea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwenu ni wapi?" akauliza. "Si hapa Kitale. Kwa baba yako."

Nikamwambia kwetu ni Bumula, nikataja ukoo. Mama yule akafumba macho.

"Ni kweri basi. Baba yake ni wa huko huko. Wewe ni shangazi yake. Yeye alijua, ndio maana alikupigia magoti. Mimi nilitaka nisikie kwa mdomo wako."

Kwetu baba anaweza kugomba kutwa nzima na jioni mkala pamoja. Mama anaweza kukuchapa. Lakini dada ya baba ni mtu mwingine. Neno lake juu ya mtoto wa nduguye linashika, na wala si lazima aseme neno. Nilikuwa msichana mdogo nilipomwona shangazi yangu akiudhiwa na kaka yangu mkubwa. Hakupiga kelele. Alinyamaza, akamtazama mpaka akaangalia chini, kisha akainua mkono wake wa kulia polepole, umenyooka. Nyumba nzima ililia siku ile, na baba mwenyewe alikwenda kumwomba aurudishe, naye akaurudisha mbele yetu kwa funda la maji. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kumbe mkono wangu haukusahau. Miaka yote niliyokuwa nikijisifu kwa mtindo wangu, nilikuwa nawafanyia vijana wa watu jambo ambalo kila mtu wa kwetu alilitambua isipokuwa mimi.

"Mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya refa tena, "kadi haifutwi. Mchezo ukishaendelea, uamuzi haurudi nyuma."

"Sisemi ya mchezo. Hiyo iache hapo hapo, hata mkitaka asicheze tena. Nasema ya mkono. Kuja uurudishe."

Nilikataa. Namshukuru Mungu hakunipigia magoti, maana ningemfukuza kwa aibu. Alikaa tu juu ya yale magunia, wateja wakampita, nikafunga duka naye akaondoka.

Sikuweza kufanya lolote la maana baada ya hapo. Nilimpimia mzee mmoja dawa ya kuku nikamwandikia kipimo cha ng'ombe, bahati yake alirudi kuuliza. Nilikuwa nimebanwa, na nilijua vizuri nilivyobanwa. Nikienda Bumula kurudisha mkono, nimekubali kwamba una kitu cha kurudishwa. Nimekubali kwamba yule wa pikipiki na yule kipa ni mimi. Nisipoenda, huenda kijana akafa, na hapo hakuna mtu, hata mimi, atakayeamini kwamba si mimi. Niliomba. Sikujibiwa, au nilijibiwa sikuelewa. Mwishowe nikajiambia kijana hatazikwa kwa sababu ya ubishi wangu, nikafunga duka nikashuka Bungoma, hadi Bumula.

Boma lao liko nyuma ya soko la Bumula, ndani kidogo. Nilifika adhuhuri, jua likiwaka. Kitu cha kwanza nilichoona ni kuni. Zilikuwa zimepasuliwa, zimepangwa kando ya jiko la nje, rundo la kupikia watu wengi. Nyasi za mbele ya nyumba zilikuwa zimefyekwa mpaka mzizi, pale ambapo kwetu husimamishwa hema. Viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa na kuegemezwa ukutani. Ndani mtu alikuwa bado anapumua, na nje walishajiandaa kumlia. Hakuna aliyeona ajabu. Mwanamke mmoja alikuwa anafagia hapo hapo mbele, akanisalimu vizuri tu, akaendelea kufagia.

Kwenye ua waliketi wachezaji wenzake, mstari mmoja, jezi mwilini. Na yule winga aliyekwatuliwa alikuwa nao. Niliwapita wote, na kila niliyemfikia aliangalia chini.

Baba mkubwa wa kijana alinipokea, mzee wa kanisa, tai shingoni. "Karibu nyumbani, dada," akasema. Hakuniita madam. "Tulisema utakuja tu."

Kijana alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni. Sikumtambua. Shingo ilikuwa imekonda, midomo imepasuka, na macho yake yalikuwa kwenye ukuta, mahali ambapo hapakuwa na picha wala kalenda. Mama yake alimgeuza uso kwa mikono miwili, kwa upole, kama mtu anayegeuza mtoto mchanga. Aliponiona hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyekuwa ananiona wakati wote.

"Fanya kama siku ile," mzee akaniambia. "Inua, halafu urudishe."

Nilisimama mbele ya kochi. Sikuwa na kadi, nilikuwa nimeiacha Kitale makusudi. Nikanyamaza. Nikamtazama. Nilipoanza kuinua mkono nilisikia leso zikivutwa, viti vikigeuzwa, na watu wote mle ndani, pamoja na mzee mwenye tai, wakajifunika nyuso. Nataka niseme nilivyohisi, ingawa sipendi. Mkono ulikuwa mzito. Uliponyooka juu niliona kama kuna mtu ameushika kwenye kifundo, na kijana yule aliufuata kwa macho kama alivyoufuata uwanjani, na katika macho yake niliona anasubiri tu nimalize.

Nikaushusha. Nikaushusha polepole kama nilivyouinua, mpaka ukatua kifuani pake. Moyo wake ulikuwa unapiga kidogo na haraka. Mama akanipa kikombe, nikachukua funda la maji, nikampulizia kifuani jinsi nilivyoona shangazi yangu akifanya. Nikasema kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, kwamba sina neno naye, kwamba ni mtoto wa ndugu yangu, na kwamba mkono umerudi kwangu.

Nzi mmoja alitembea kwenye ukingo wa kikombe. Kisha kijana akalamba maji yaliyokuwa yamemrukia mdomoni.

"Mama," akasema, "kuna uji?"

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani. Mama yake alinikumbatia akilia, na mimi nililia naye, sitasema uongo. Wachezaji wakaingia mmoja mmoja kumshika mkono. Kufikia jioni alikuwa ameketi, kikombe cha pili cha uji mkononi, akimtania winga kwamba jezi yake ilikuwa imeoza ndio maana ilipasuka. Kuni zile zilitumika. Walinichinjia kuku, tukala.

Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nikiwa na filimbi. Na katikati ya ile furaha, mkono wa kuume ukiwa kwenye ugali, niliogopa. Kwa sababu sikuwaza, "Amepona kwa kuwa aliamini." Ningeweza kuwaza hivyo, mimi nimesoma, na ndivyo nilivyokuwa nimejiambia nitawaza. Niliwaza, "Umetii." Nilikuwa nauwazia mkono.

Siku hizi yule kijana anacheza vizuri, na ananitumia salamu kwa simu kila Jumapili. Mimi naendelea kuitwa kuchezesha, mara nyingi kuliko zamani, kwa sababu mechi zangu hazina fujo. Bado sijainua nyekundu nyingine. Hakuna mchezaji anayenilazimisha.

Lakini aliyesikia kwamba mkono unaweza kurudishwa amesikia na lile lingine. Mwanamume mmoja aliingia dukani asubuhi hivi karibuni, mtu wa heshima zake, ninamuuzia mbegu kila msimu na tunasali kanisa moja. Alisubiri wateja wengine watoke. Kisha akatoa simu, akaifuta kwa shati, akaiweka juu ya kaunta kati yetu. Kulikuwa na picha ya mtu wa umri wake, mwenye kofia, anacheka na kamera.

"Huyu ni ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Amesogeza mpaka wa shamba akaingia kwangu. Chifu ameshindwa, wazee wameshindwa. Madam, mwinulie tu. Hata hapa hapa, si lazima uende huko."

Barabarani mtu alikuwa anatangaza mkutano wa injili kwa kipaza sauti. Niliangalia picha ile muda mrefu. Nilijua la kufanya, kama ambavyo mtu yeyote angelijua. Nilipaswa kumrudishia simu yake na kumwonyesha mlango.

Nilimwuliza kama hilo lilikuwa kosa la kwanza.